Malaria kwa mtoto chini ya miaka 5 huku vijijini: dozi ya pili, degedege na safari ya rufaa (uzi mrefu)

#1 Muuguzi_Zahanati

Wakuu, habari za leo. Mvua zikishakatika, wiki chache baadaye mabenchi ya zahanati hujaa kina mama waliobeba watoto wenye homa. Nafungua uzi huu kwa ajili yetu tunaoishi mbali na hospitali: wazazi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye maduka ya dawa muhimu na sisi wa zahanati.

Dawa ya mseto ya malaria, ALu (artemeta na lumefantrini), inafanya kazi. Mtoto anapotelea kwenye mapengo: kati ya homa na kipimo, kati ya dozi ya kwanza na ya pili, kati ya zahanati na hospitali. Hayo mapengo ndiyo nataka tuyazungumzie.

Kwanza kipimo. Homa peke yake si malaria. Mtoto apimwe siku hiyohiyo homa ilipoanza, isivuke saa 24. Chini ya miaka 5 kinga yake bado changa. Asubuhi anacheza, jioni hawezi kukaa.

Pili uzito. Dozi ya ALu inafuata kilo, umri ni wa kukisia tu pale mizani inapokosekana. Kidonge cha kawaida cha mtoto kina artemeta mg 20 na lumefantrini mg 120:

Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 kila dozi, jumla 6.
Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2 kila dozi, jumla 12.

Mtoto wa kilo 15 kamili anaingia kundi la vidonge 2. Aliye chini ya kilo 5 asianzishiwe dawa nyumbani wala dukani, aletwe kituoni.

Tatu saa, na hapa ndipo wengi wanateleza. Dozi ya pili haingoji "jioni" wala "kesho asubuhi". Inatolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Ukimpa ya kwanza saa 3 asubuhi, ya pili ni saa 11 jioni. Ya tatu kesho saa 3 asubuhi, ya nne kesho saa 3 usiku, kisha keshokutwa asubuhi na usiku. Dozi 6, siku 3.

Kwa nini saa 8? Artemeta ni ya kasi, inaua vimelea wengi kwa muda mfupi, lakini ndani ya saa chache imeshaisha mwilini. Lumefantrini huenda taratibu na hukaa siku kadhaa ikimalizia waliobaki. Ukiichelewesha ya pili, vimelea wanapata nafasi ya kupumua wakati bado wako wengi.

Nne mafuta. Lumefantrini bila mafuta haiingii mwilini vizuri, sehemu kubwa inapita na choo. Mtoto anayenyonya anyonye mara tu baada ya dawa. Mkubwa apewe maziwa, au uji uliotiwa karanga au tone la mafuta ya kupikia. Kidogo kinatosha. Akikataa chakula usisubiri hamu irudi, mpe dawa kwa wakati na mnyonyeshe anachoweza.

Maswali karibuni.

#2 Mama_Pacha

Asante sana dada muuguzi. Swali: mtoto ana kilo 9, amepimwa jioni na dozi ya kwanza kapewa saa 1 usiku. Hiyo saa 8 baadaye inaangukia saa 9 usiku wa manane. Nimwamshe kweli? Na nikimwekea kidonge kwenye uji anautema wote.

#3 Muuguzi_Zahanati

Dada Mama_Pacha, mwamshe. Tegesha simu saa 9 usiku, mpe, mnyonyeshe, mlaze. Dozi ya tatu utampa saa 1 usiku unaofuata, yaani saa 24 tangu ya kwanza. Kuanzia hapo ni kila saa 12: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku, saa 1 asubuhi, mwisho.

Kuhusu uji, usichanganye dawa kwenye chakula kingi. Akishindwa kumaliza bakuli, hutajua kala dawa kiasi gani. Fanya hivi:

Chukua kikombe kidogo, tia maji safi kama mililita 10, sawa na vijiko viwili vya chai. Dumbukiza kidonge kile cha kuyeyuka. Ngoja kimomonyoke chenyewe, halafu zungusha kikombe taratibu. Maji yatakuwa kama maziwa mepesi, lakini angalia chini: unga huwa unabaki umeng'ang'ania kitakoni mwa kikombe. Mkalishe mtoto mapajani, kichwa kimeinuka kidogo, umnyweshe kwa kijiko pembeni mwa shavu, kidogokidogo. Usimlaze chali na usimbane pua. Akimaliza, tia tena maji kijiko kimoja kwenye kikombe hichohicho, suuza ule unga, mpe nao. Unga ule ndio dawa yenyewe. Ukimwagwa, mtoto amekunywa pungufu.

Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi nzima, kisha rudi kituoni uongezewe kidonge badala ya kile kilichotapikwa, ili jumla isipungue. Akitapika na ile ya kurudia, hiyo si kesi ya nyumbani tena. Mtoto anayetapika kila kitu anahitaji sindano.

#4 Maabara_Kijijini

Mleta uzi, naongezea nyama upande wa kipimo, maana makosa mengi yanazaliwa pale. Hiki cha haraka, mRDT, kinaonekana chepesi lakini kina namna yake ya kukudanganya.

Angalia tarehe kwenye pakiti kabla ya kufungua. Ukiifungua, tumia palepale. Kaseti iliyokaa wazi kwenye unyevu inaharibika. Futa kidole kwa spiriti na usubiri kikauke. Wengi wanachoma kidole kikiwa bado kibichi, spiriti inachanganyika na damu na tone halikai, linatapakaa. Choma pembeni mwa ncha, si katikati. Kwa mtoto mchanga tumia kisigino.

Damu inayotakiwa ni mikrolita 5 tu, ule mstari kwenye kifaa cha kunyonyea. Ukizidisha, kidirisha cha kusomea kinabaki chekundu na mstari hafifu unafichwa. Damu inaingia kwenye kitundu chake, bafa (yale maji maalumu ya kipimo) kwenye kitundu chake, kwa idadi ya matone iliyoandikwa na mtengenezaji wa kipimo hicho. Usichukue bafa ya boksi jingine. Na bafa ikiisha msitumie maji! Maji yanaweza kuleta mstari wa uongo, mtoto akatibiwa malaria huku nimonia inaendelea.

Tazama saa ukutani. Vipimo vingine vinasomwa dakika 15, vingine 20. Ukisoma mapema unamkosa mwenye vimelea wachache, ukisoma baada ya saa nzima unaona mstari usio wa kweli. Mstari wa C ndio unaosema kipimo kinafanya kazi, na T ndio wa malaria. Bila C, tupa, anza upya. C ipo na T ipo, hata T ikiwa hafifu kama uzi wa buibui, mtoto ana malaria. Hakuna "malaria kidogo" kwenye mRDT.

Hapa niseme na hili la "mtoto ana malaria nne". Ile namba ya darubini ni idadi ya vimelea waliohesabiwa dhidi ya chembe nyeupe 200 za damu. Wanne kwa chembe 200 ni kama vimelea 160 kwa mikrolita moja ya damu, ikichukuliwa kwamba chembe nyeupe ni 8,000. Watu wakisikia "nne" wanaona ni nyingi, wakisikia "moja" wanalala usingizi. Namba hiyo peke yake haikwambii hali ya mtoto. Vimelea wa falsiparamu, aina inayoleta malaria kali, hujificha kwenye mishipa midogo ya damu, hata ya ubongo, na kwenye kioo cha darubini wakaonekana wachache. Mtazame mtoto kwanza, karatasi baadaye.

#5 Duka_Muhimu

Wakuu, kutoka upande wa kaunta. Wazazi wanakuja na ombi la aina tatu, na zote tatu zinaumiza mtoto.

La kwanza: "nipe nusu dozi, nyingine nitafuata." Dozi ya mtoto wa kilo 8 ni vidonge 6, haina nusu. Siku ya pili homa inashuka, mtoto anaomba ugali, mama anaviweka vidonge viwili vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Wiki mbili tatu baadaye yuleyule anaungua tena.

La pili: kumpa mtoto kutoka kwenye pakiti ya mkubwa. Zamani pakiti ya mkubwa ilikuwa vidonge 24 vya mg 20/120, kile kile cha mtoto. Siku hizi zipo pakiti ambazo kidonge kimoja ni mg 80/480, yaani kimoja ni sawa na vinne. Ukimpa mtoto wa kilo 9 "kidonge kimoja" cha aina hiyo umempa dozi ya mtu mzima. Na kukikata vipande vinne kwa kisu cha jikoni hakutoi robo zilizo sawa. Someni miligramu zilizoandikwa kwenye pakiti.

La tatu: dawa ya kushusha homa pekee. Parasetamoli ni nzuri, mtoto anapata nafuu na anaweza kunyonya, lakini kimelea haimgusi. Kipimo chake ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10, ile shira ya mg 120 kwa mililita 5, anapewa mililita 5. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

#6 Baba_Shamba

Mada nzuri. Mimi naomba kuuliza kuhusu degedege. Huku kwetu wazee wanasema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, hivyo kwanza apelekwe kwa bibi, akafukizwe, ndipo hospitali. Wataalamu mnasemaje, bila kuwadharau wazee?

#7 Mhudumu_Jamii

Kaka Baba_Shamba, umeuliza vizuri, na wazee hawakuzua kutoka hewani. Waliona watoto waliofika hospitali wakiwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafariki. Sindano ikabeba lawama. Kilichomuua mtoto ni zile saa alizopoteza njiani, malaria ikiwa tayari kichwani na sukari imeshuka.

Degedege kwa mtoto mwenye homa huku kwetu ihesabiwe kuwa malaria kali mpaka ithibitike vinginevyo. Ikianza, mlaze chini kwa ubavu, mbali na moto na ncha kali. Legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala kitunguu, wala dawa ya kunywa; itaingia kwenye mapafu. Usimwagie maji ya baridi. Usimfukize, kwani moshi unabana pumzi ambayo tayari ni ya shida. Hesabu dakika. Ikiisha, usimwache alale "apumzike" hadi asubuhi, anza safari. Ikipita dakika 5, anahitaji diazepamu (dawa ya kuzima degedege) kupitia njia ya haja kubwa, mg 0.5 kwa kilo, kazi ya mhudumu wa kituo.

Bibi akitaka kumwombea, amwombee kwenye bodaboda mkiwa njiani. Mimi huona ni bora bibi apande naye kuliko kugombana naye mlangoni, maana mara nyingi neno lake ndilo linalomruhusu mama kuondoka.

Dalili nyingine zinazomtoa mtoto nyumbani saa hiyohiyo: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki, hawezi kukaa mwenyewe wakati jana alikaa, anapumua kwa nguvu na kifua kinaingia ndani, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano, viganja vyeupe. Hicho cha mwisho kipimeni hivi: weka kiganja cha mtoto kando ya kiganja chako, kwenye mwanga wa jua. Kikiwa cheupe kama karatasi, damu imekwisha sana.

#8 Muuguzi_Zahanati

Nashukuru Mhudumu_Jamii. Naendelea na rufaa, kwa wenzangu wa zahanati hasa.

Mtoto mwenye dalili hizo haondoki mikono mitupu. Sindano ya artesuneti (dawa ya malaria kali) ikiwepo, apewe dozi ya kwanza kabla ya gari kufika: chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kila kilo, kilo 20 na kuendelea ni mg 2.4.

Kichupa cha mg 60 kinachanganywa kwa hatua mbili, na hatua hizo haziungwi. Kwanza ingiza mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nayo, tikisa mpaka maji yawe angavu kabisa. Yakibaki na ukungu, tikisa tena; yakigoma, tupa. Ndipo uongeze maji ya chumvi ya 0.9% au deksitrosi ya 5%: mililita 5 kwa sindano ya mshipa (unapata mg 10 kwa mililita), au mililita 2 kwa sindano ya msuli (mg 20 kwa mililita). Maji ya sindano ya kawaida usitumie. Mtoto wa kilo 10 anahitaji mg 30: mililita 3 mshipani, au mililita 1.5 kwenye msuli wa mbele ya paja. Tako liachwe, kuna mshipa wa fahamu pale. Kosa linalorudiwa ni kuchanganya kwa hesabu ya mshipani kisha kuchoma msulini kwa hesabu ya msulini. Mtoto anapata nusu. Andika kwenye kichupa umechanganya kwa ajili gani. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja, isihifadhiwe kwa mgonjwa wa jioni.

Kama sindano haipo na mtoto hajafikisha miaka 6, tumia kidonge cha artesuneti cha mg 100 cha kuweka njia ya haja kubwa. Chini ya miaka 3 kimoja, miaka 3 hadi chini ya 6 viwili. Baada ya kuweka, bana matako kwa dakika 10. Kikitoka ndani ya nusu saa, weka kingine. Hii ni dawa ya kununua muda. Utafiti uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh, ukachapishwa 2009, ulionyesha inapunguza kwa nusu vifo na ulemavu kwa watoto ambao baada ya zaidi ya saa 6 walikuwa bado hawajafika kituoni. Lakini ufuatiliaji wa baadaye Kongo, Uganda na Nigeria haukuona vifo vikipungua, kwa kuwa wengi hawakufika hospitali au hawakumaliziwa kwa dawa ya mseto. Mtoto anachangamka kidogo, wazazi wanageuza njia. Mwambieni mama waziwazi: akichangamka, safari inaendelea.

Sukari. Akiweza kumeza, kabla ya kuondoka mpe maziwa ya mama au maji ya sukari mililita 30 hadi 50. Vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye maji ya mililita 200. Akiwa hana fahamu usimnyweshe chochote. Lowesha kijiko kimoja cha sukari kwa matone mawili ya maji, weka chini ya ulimi akiwa amelala ubavu, rudia kila dakika 20. Mtoto wa malaria kali anaweza kufa kwa sukari iliyoshuka huku artesuneti iko mwilini.

Barua ya rufaa iwe na uzito, jibu la kipimo, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na degedege mara ngapi. Viganja vikiwa vyeupe, aende na ndugu wawili wazima wenye afya, wa kutoa damu.

#9 Mkuu_Kata

Nimejifunza. Lakini kwa nini mnampa rufaa bila dripu? Watu wetu wakiona mtoto hana dripu wanasema hajatibiwa.

#10 Daktari_Wilaya

Mkuu, hilo ni swali la uhai. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania walioletwa mahututi kwa homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Waliomwagiwa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi: karibu 10.5% ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3% kwa wasiomwagiwa. Mtoto mwenye damu kidogo ukimwongezea maji kwa kasi, damu inazidi kuwa nyepesi na moyo unaelemewa. Anayeharisha hadi macho yameingia ndani ni habari nyingine, huyo ana utaratibu wake wa maji.

Na kwa wanaouliza kwa nini kwinini imewekwa pembeni: utafiti wa 2010 kwa watoto 5,425 kwenye hospitali za nchi 9 za Afrika, za Muheza na Korogwe hapa Tanzania zikiwemo, ulionyesha vifo 8.5% kwa artesuneti na 10.9% kwa kwinini. Kwinini pia hushusha sukari.

Hospitalini artesuneti inarudiwa saa 12 na saa 24 baada ya ile ya kwanza, kisha mara moja kwa siku. Hata akiamka mapema, azipate angalau tatu hizo. Na hapa kuna pengo ambalo mleta uzi hakulitaja: akianza kula, lazima apewe ALu kamili ya siku 3. Wapo wanaoruhusiwa na sindano tatu tu, "kapona". Hajapona. Artesuneti peke yake haikai mwilini.

#11 Mama_Pacha

Daktari, samahani. Dozi imeisha, siku ya tatu, homa bado inarudi jioni. Nimpime tena?

#12 Maabara_Kijijini

Dada, mRDT usiirudie sasa. Inasoma protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Itaonyesha T, utaambiwa "malaria sugu", utapewa dozi nyingine bure. Anayehitaji jibu wakati huu apimwe kwa darubini.

#13 Daktari_Wilaya

Naam. Mrudishe kituoni leo, usisubiri. Tunauliza mambo kwa mpangilio: alipewa kwa uzito sahihi? Dozi ya pili ilikuwa saa ngapi? Alitapika? Alikunywa na chochote chenye mafuta? Kisha tunatafuta homa nyingine. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo ni dalili ya nimonia. Masikio, koo na mkojo viangaliwe. Malaria na nimonia hukaa pamoja kwa mtoto mmoja.

Pia tusifumbe macho: Kagera, kama Rwanda na Uganda, vimelea wanaochelewa kuondoka kwa dawa za jamii ya artemisini (artemeta na artesuneti zimo) wameshathibitishwa, matokeo ya Kagera yakichapishwa 2024. Dozi kamili ya ALu bado iliponyesha watoto walio wengi kule. Dozi pungufu ndiyo inayowalea vimelea hao.

#14 Muuguzi_Zahanati

Nyongeza kwa waliochomwa artesuneti, maana hili halisemwi siku ya kuruhusiwa. Kuanzia siku ya 7 hadi wiki ya 4, watoto wachache damu yao huvunjika ghafla wakati malaria imeshaisha. Mama anaona mtoto amekuwa mweupe, amechoka, mkojo umekolea. Arudi kupimwa wingi wa damu siku ya 7, 14 na 28, na kiganja kiangaliwe kila asubuhi mwezi mzima. Dada Mama_Pacha, huyo wa kwako hakuchomwa, hili halimhusu. Lakini mpeleke leo, na pakiti tupu ya dawa uibebe tuone miligramu.